Alifuta Bila Kusoma

"Siendeshi! Nimesema siendeshi, taa imewaka!"

Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini. Foleni ya kituo cha mafuta imejaa mpaka barabarani, na palepale penye pampu dada mmoja kazima gari, katoa ufunguo, kashika kiuno. Honi zinapigwa bila huruma. Yeye wala! Kavaa gauni la zambarau lililomkaa mwilini mpaka hata wenye hasira walikuwa wanaangalia mara mbili kabla ya kutukana, na utepe wa kupimia nguo bado unamning'inia shingoni, kasahau kuuvua.

Fundi mmoja wa magari alikuwa amekuja pale kununua mafuta ya breki. Wenzake walimbatiza Sikio, kwa sababu gari likipita ng'ambo ya barabara yeye anakwambia linaumwa nini kabla hujaliona. Siku hiyo alichosikia kwanza ni hiyo sauti ya dada, akasogea.

"Dada, gari limekataa kuwaka?"

"Linawaka vizuri tu."

"Sasa?"

"Kuna taa ya njano hapa, ina picha ya injini. Marehemu baba aliniambia, taa ikiwaka simama, zima, uliza. Nimesimama, nimezima. Sasa nauliza."

"Unamwuliza nani?"

"Yeyote mwenye akili. Wewe unazo?"

Dereva wa nyuma akacheka mpaka akasahau honi yake. Sikio naye akacheka, akatoa kwenye mfuko wa ovaroli kimashine chake chenye waya, akapiga goti, akakichomeka chini ya usukani.

"Gari hata likiwa zee namna hii lina ubongo wake," alimwambia. "Likiona kitu hakiko sawa linaandika namba, kila ugonjwa na namba yake. Taa kazi yake ni kukwambia kuna namba imeandikwa. Ipi? Haisemi. Inawaka hiyohiyo moja kwa kila kitu. Ndiyo maana lazima usome. Haya, soma mwenyewe."

Dada akainama kusoma kioo cha mashine, na harufu ya nguo mpya ikampata Sikio puani. Jamani, mwanaume mzima akasahau hata alichokuja kununua.

"Hii ni sensa ya kwenye ekzosi, bomba la moshi," alisema akijikaza. "Inanusa moshi. Imezeeka. Haiui, itakula mafuta tu. Endesha uende zako."

Kisha akaona kiti cha nyuma. Gauni jeupe la harusi limelazwa pale, limefunikwa nailoni, limejaza kiti chote.

"Unaolewa?"

"Nashona mimi. Wanaolewa wengine."

Sikio akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na dada akamwona, akajifanya hajamwona.

"Na huu mshale wa joto mbona umelala?"

"Ulikufa tangu enzi za baba."

"Njoo kesho gereji, tutaushughulikia nao."

Basi hivyo ndivyo walivyojuana. Sikio akamwita dada Sindano, na dada akasema hajawahi kupewa jina baya namna hiyo, akaliitikia tangu siku hiyo.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo kijana alipoharibu. Kesho yake Sindano akaja gereji. Na Sikio kwenye droo yake ya vyuma alikuwa na sensa ileile, nzima, aliyoing'oa kwenye gari lililogongwa. Kuifunga ni kazi ya kunywa kikombe cha chai. Aliishika mkononi kabisa. Akamtazama Sindano, amekaa juu ya tairi, viatu kavua, anamcheka Mzee wa Rangi, mpaka rangi mkongwe wa pale, kwa sababu kofia yake ina rangi za magari yote ya mji. Sikio akawaza: nikifunga, anaondoka.

Akairudisha sensa kwenye droo. Akachomeka mashine, akabonyeza kufuta. Namba ikafutika, taa ikazima.

"Tayari?"

"Tayari. Ikiwaka tena usihangaike. Njoo tu."

Alijua itawaka. Ugonjwa haujaguswa, ubongo wa gari unazunguka siku chache, unajipima, unaukuta palepale, unaandika namba upya. Na kweli ikawaka, na Sindano akaja, safari hii na blauzi ya njano, akisema kavaa sare na taa.

Wee, mapenzi yakaota hapo! Simu ya Sikio ikawa haikai mfukoni.

"Daktari, mgonjwa kazidiwa."

"Mlete haraka."

"Yupi, mimi au gari?"

"Yeyote atakayewahi."

"Una maneno wewe! Umekula?"

"Sijala, nakusubiri."

"Usinisubiri mimi, subiri chakula. Nakuja nacho."

Anakuja, wanakula juu ya boneti, anamfuta grisi shavuni kwa kipande cha kitambaa, anamkemea kwa shati lililotoka kifungo, anachomoa sindano kwenye mkoba na kukishona kifungo shati likiwa mwilini. Sikio anashika pumzi asichomwe. Halafu mashine inachomekwa, inafutwa, taa inazima. Mshale wa joto ulibaki umelala. Kila siku waliahirisha, walikuwa na mengine ya kuzungumza.

Mzee wa Rangi hakuwa mjinga.

"Sikio, hili gari lina ugonjwa gani usiopona?"

"Uzee, mzee wangu."

"Uzee ninao mimi, na sioni nikiletwa hapa kila mara. Sensa iko kwenye droo. Nimeiona nikitafuta msasa."

"Nitaifunga."

"Lini?"

"Nikishamwambia."

"Ukishamwambia nini?"

Sikio akajitia kutafuta spana. Alikuwa mtu wa kusikia, kusema kulimshinda. Angeweza kueleza injini nzima mbele ya umati, lakini neno "nakupenda, uje kwa ajili yangu" lilimkwama kooni mpaka akaona heri taa imsemee.

Na Sindano naye akabadilika. Yule aliyezima gari katikati ya foleni sasa taa ikiwaka anaigonga kwa ukucha. "Umeamka, shoga?" anaiuliza, na anakanyaga mafuta.

Nyumbani Sindano aliishi na mama yake, mjane mwenye macho makali na moyo laini. Alipoletwa gereji mara ya kwanza alimkagua Sikio kuanzia kichwani mpaka kwenye malapa, akasema, "Huyu kakonda, lakini mikono yake ni ya kazi." Tangu hapo ikawa "mwanangu". Mwanangu umeamkaje, mwanangu njoo unitazamie pasi, mwanangu mwambie huyu mwenzio asilale chereani. Sikio alikuwa hana mama. Neno hilo lilikuwa linamwingia mpaka kwenye mifupa.

Mama huyo alikuwa na dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa. Dada huyo alikuwa mgonjwa, mji wa mbali kidogo, na wiki hiyo ikaja habari kwamba hali si nzuri. Anamwita mdogo wake. Ana jambo la kumwambia, na hataki kumpa mtu mwingine. Ikapangwa Jumamosi asubuhi Sindano ampeleke mama.

Alhamisi taa ikawaka. Ilikuwa mapema kuliko kawaida. Hata siku mbili hazijaisha tangu ifutwe. Sindano akapitia gereji mchana ili gari liwe tayari kwa safari. Akamkuta Sikio kaoga, kapiga pasi shati, kachana nywele. Jioni hiyo alikuwa amekusudia kusema, hakuna kurudi nyuma. Alichomeka mashine huku akimtazama yeye, kidole kikaenda chenyewe kwenye kufuta.

"Hata hujasoma," Sindano alimwambia.

"Nasoma nini? Huyu namjua kwa jina."

Taa ikazima. Wakaenda zao dukani kununua vitambaa, bega kwa bega. Sindano akachagua kitambaa cheupe, kizito, kinachong'aa kwa mbali, akakipima mwilini mwake mbele ya kioo.

"Cha nani hicho?" Sikio aliuliza.

"Cha mteja mmoja msumbufu. Hata siku ya harusi hajaambiwa."

Sikio akacheka, hakuelewa kitu. Wakanywa soda nje ya duka.

"Sindano."

"Naam, laazizi."

"Kuna neno nataka kukwambia."

"Sema."

"Ukirudi safari."

"Sema sasa, bwana!"

"Ukirudi."

Sindano akamkodolea macho, akatikisa kichwa, akalibeba furushi lake. "Haya. Nikirudi."

Jumamosi jua lilikuwa limesimama utosini simu ilipolia. Sikio alikuwa chini ya lori, akaipokea kwa kidole kimoja.

"Mpenzi, taa imewaka."

"Mko wapi?"

"Tumekwama. Barabara inatengenezwa, foleni haisogei. Joto humu ndani acha tu."

"Ni ileile. Endelea."

Kwa nyuma ikasikika sauti ya mama: "Mwambie kuna harufu."

"Mama anasema kuna harufu."

"Ya malori hiyo, mmezungukwa."

"Nisizime nikauliza mtu? Baba angesema nizime."

"Mimi si baba yako," Sikio akasema, akicheka. "Nakwambia mimi, endelea."

"Haya, daktari. Ukinidanganya nakushona mdomo."

Akakata. Sikio akaendelea na lori lake akipiga mluzi.

Baadaye akapiga, simu haipokelewi. Akapiga tena. Akajiambia wamefika, wako kwa mgonjwa, watu hawashiki simu mbele ya mgonjwa. Jua likaanza kupoa. Alikuwa ananawa mikono kwa petroli simu ilipolia, na jina la mama ndilo lililoandikwa. Akaipokea kwa furaha.

"Shikamoo mama! Mmefika?"

"Fundi."

Hakusema mwanangu. Petroli ikamchuruzika Sikio mikononi.

"Dada yangu amefariki saa kumi," mama alisema. "Alikuwa anauliza, mdogo wangu yuko wapi, mdogo wangu yuko wapi. Mimi niko barabarani, nimekaa juu ya jiwe, gari linatoa moshi. Nilitaka ujue tu, fundi."

Simu ikakatwa.

Baada ya mazishi gari lililetwa gereji likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori. Sindano alishuka kwenye lori hilo na gauni la bluu nzito, halina pambo, kichwa kimefungwa kitambaa. Hakuna utepe shingoni. Sikio akamwendea mikono wazi, lakini alivyotazamwa akasimama njiani, akaishusha.

"Pole, Sindano. Pole sana."

"Fungua boneti."

Akafungua. Aliyaona yote bila hata kusogea: maji yamechemka yakaruka kila mahali, gasketi ya silinda hedi imeungua. Na feni, ile inayopoza maji gari likiwa limesimama, rilei yake, ile swichi inayoiwasha, ilikuwa imekufa.

"Kulikuwa na fundi mmoja kwenye foleni," Sindano alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyelia mpaka akamaliza. "Ana mashine kama yako. Akachomeka, akanionyesha namba. Nikamwambia hiyo si yetu. Yetu naijua, ulinisomesha mwenyewe pale kituoni. Akasema hii ni ya feni. Halafu akaniuliza, dada, nani alifuta juzi? Gari linaandika, kumbe. Linaandika limetembea kiasi gani tangu lifutwe."

Sikio akachukua tambara, akafuta mikono isiyo na grisi.

"Alhamisi ile taa iliwaka mapema. Ulisoma namba gani?"

Angeweza kudanganya. Mashine ni yake, gereji ni yake, na yeye ndiye mwenye ujuzi. Alitazama vidole vyake.

"Sikusoma."

"Ilikuwa ya feni?"

"Huenda ilikuwa ya feni. Nilifuta bila kusoma. Niliijua, nilidhani naijua, ni ile ya siku zote."

"Na ile ya siku zote kwa nini ilikuwa haiponi?"

Mzee wa Rangi aliweka chini bomba lake la rangi, akaondoka polepole, akaenda kukaa nje. Sikio akafungua droo, akaitoa sensa, akaiweka kiganjani mbele yake.

"Ilikuwa hapa. Tangu siku ya kwanza. Ningekufungia ungeondoka moja kwa moja. Niliogopa hutarudi."

Sindano alikitazama hicho kichuma muda mrefu. Hakukishika.

"Mimi nikishona gauni nalishikiza kwanza," alisema. "Uzi wa kupita tu, wa kutoa baadaye. Sijawahi kumpa bibi harusi gauni lililoshikizwa aende nalo mbele ya watu. Sijawahi, hata akinikera vipi. Wewe ulinipakia mama yangu ndani ya hilo."

"Nilikosa. Nilikosa kabisa, sina la kujitetea."

"Baba alinifundisha kitu kimoja tu kuhusu gari. Kimoja! Nawe ukanitoa woga nacho, ukaniambia endelea. Nikaendelea. Mama akasema kuna harufu, nami nikamwambia nyamaza mama, Sikio anajua."

Hapo ndipo alipolia. Sikio akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Ile Alhamisi nilitaka kukwambia..."

"Najua ulichotaka kuniambia. Unadhani kile kitambaa cheupe kilikuwa cha nani?"

Sikio akaifumba sensa kiganjani.

"Halafu sikiliza, maana hili utalibeba mwenyewe. Duka langu liko upande ule mwingine wa mji. Hii barabara si njia yangu, haijawahi kuwa njia yangu. Tangu siku ile ya kituo cha mafuta nilikuwa nazunguka asubuhi nipite hapa, nikuone umeinama kwenye boneti za watu, basi, niende kazini nikitabasamu. Taa ilikuwa ya nini? Ungeniambia njoo, ningekuja kwa miguu."

Ewe, kuna maneno yanayompata mtu akabaki amesimama kwa sababu tu hajui pa kuangukia. Sikio alisimama hivyo. Sindano akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani.

"Litengeneze. Mama hataki kuliona, lakini ni la baba, siwezi kulitupa. Mimi na yeye tunaishi nyumba moja. Kila akisikia simu yangu ikilia ananitazama. Siwezi, Sikio. Hata nikitaka, siwezi."

Akatoka na kupanda lori lilelile.

Sikio alilitengeneza. Hakuna aliyemwona akipiga soga siku hizo. Alishusha silinda hedi, akaipeleka kunyooshwa, akaweka gasketi mpya. Akafunga rilei ya feni, akawasha na kuzima mpaka akaridhika. Akaufufua hata ule mshale wa joto. Kumbe ilikuwa waya mmoja tu umekatika, nao ungewaokoa. Alikaa chini na waya huo mkononi.

Mwisho ikabaki sensa. Aliifunga, na mkono ukasita kwenye soketi ya waya wake. Ukiisukuma nusu, isiingie hadi mwisho, itashika leo na kesho, halafu siku moja barabara mbaya itaitikisa, itaachia, na taa itawaka. Haiui, kweli haiui, hii haiui. Atalazimika kuja. Mara moja tu. Moyo ulimwambia hivyo waziwazi, na yeye akausikia vizuri kuliko alivyowahi kusikia injini yoyote.

Akaisukuma soketi mpaka ikalia ta! Akaivuta kujaribu. Haikutoka.

Sindano alikuja kulichukua akiwa na lile gauni la zambarau, limempwaya sasa. Sikio akamkabidhi ufunguo, kisha akachomeka mashine na kumgeuzia kioo, bila yeye mwenyewe kutazama.

"Soma."

Akasoma. Hakukuwa na namba hata moja.

"Umefuta?"

"Sijafuta. Limepona, namba zikajifuta zenyewe."

Akawasha gari. Taa zote za dashibodi zikawaka, kama zinavyotakiwa, zikazima moja moja. Ya njano ikazima ya mwisho. Mshale wa joto ukaanza kupanda taratibu.

"Itawaka tena?" aliuliza. Sauti ilimtetemeka kidogo, na Sikio akaisikia.

"Haitawaka. Safari hii nimefunga sawasawa."

"Haya," alisema Sindano. Alibaki ameshika usukani, kama mtu anayengoja kitu, kisha simu yake ikaita ndani ya mkoba. Aliitazama. "Ni mama," alisema, akaingiza gia.

Sikio alisimama getini akisikiliza. Injini ilikuwa safi, haikwami, haikohoi. Aliifuata kwa sikio mpaka kwenye mzunguko, mpaka kwenye kona ya duka la matairi, ikachanganyika na magari mengine, na hata yeye akashindwa kuitenga.

Asubuhi zilizofuata kila akisikia gari la aina ile barabarani aliinua kichwa. Lilikuwa la mwingine, kila mara. Mvua zikaja zikaisha, simu yake ikarudi kuwa ya wateja tu.

"Lile gari la yule binti," Mzee wa Rangi alimwuliza siku moja, kwa upole, bila kuacha kupiga msasa. "Mbona halirudi?"

"Ni zima, mzee wangu," Sikio akajibu, akainamia boneti ya mtu.